Kuhesabu Askari Weupe wa Damu

Hapa kwetu Kamina ndipo zinapokutana njia tatu za reli: ile itokayo Lubumbashi, ile iendayo Ilebo, na ile ya Kabalo. Hata mtoto wa darasa la pili akisimama karibu na reli aweza kuhesabu mabehewa ya gari la mizigo linapopita. Njia ni nyembamba. Behewa hufuata behewa, wala mawili hayapiti bega kwa bega. Lakini mchukue mtoto yule yule umpeleke sokoni saa nne ya asubuhi, umwambie, "Nihesabie watu hawa wote." Ataanza vizuri, atafika hamsini, na hapo wale aliokwisha kuwahesabu watakuwa wamezunguka na kurudi mbele yake. Mwishowe atachoka na kutaja namba yoyote ile.

Damu ya mwanadamu ni kama soko hilo. Wataalamu walihangaika nalo kwa miaka mia moja, mpaka mtu mmoja alipopata akili ya kuwapitisha watu wa soko katika njia moja nyembamba kama ya reli. Habari hiyo tunataka kuwasimulieni leo. Lakini iko na habari ya pili, ambayo kwetu Wakongo ina uzito kuliko ile ya kwanza: kupata namba ni kazi moja, na kujua namba inasema nini ni kazi nyingine.

Tulianza kuiulizia habari hii kwa sababu ya kijana mmoja mwimbaji wa kwaya yetu. Alikwenda kupimwa damu ili aandikwe kazini katika mji mwingine. Kijana huyu ni mzima, hucheza mpira kila Jumapili baada ya Misa, na homa humpata mara chache. Alirudi na karatasi iliyotoka katika mashine. Mbele ya mstari wa chembe nyeupe palikuwa na namba 3,400, na kando yake mshale unaotazama chini. Aliambiwa, "Damu yako haina askari wa kutosha. Nenda ukajitibu, kisha urudi." Usiku ule hakulala. Mama yake alidhani ni ugonjwa ule ambao watu hawapendi kuutaja. Walituuliza sisi, kwa kuwa wanatuona tumesoma kidogo, nasi hatukuwa na jibu.

Wakati wa jicho na darubini

Kwanza tuelewe kinachohesabiwa. Twaa tone dogo kabisa la damu, lenye urefu, upana na kimo cha milimita moja tu. Ndani yake, kwa mtu mzima mwenye afya, mna chembe nyekundu kama milioni 5, ambazo kazi yake ni kuchukua hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Katikati ya umati huo mna chembe nyeupe elfu chache tu. Vitabu vya Ulaya husema ni kati ya 4,000 na 10,000. Hizo ndizo askari wa mwili. Vijidudu vikiingia, hukimbilia mahali palipovamiwa, na mwili huongeza wengine. Kwa hiyo hesabu yao huweza kumwonyesha mganga kama kuna vita ndani ya mwili, hata kabla mgonjwa hajaweza kueleza anaumwa wapi.

Mholanzi mmoja aitwaye Antoni van Leeuwenhoek aliandika habari za chembe nyekundu mwaka 1674, baada ya kuziona kwa vioo alivyovichonga mwenyewe. Chembe nyeupe zilikawia kujulikana, maana ni chache, nazo hazina rangi. Mwingereza William Hewson alizieleza katika miaka ya 1770. Mwaka 1845 waganga wawili, John Hughes Bennett huko Edinburgh na Rudolf Virchow huko Berlin, kila mmoja bila kumtegemea mwenzake, walieleza habari za wagonjwa ambao damu yao ilikuwa imejaa chembe nyeupe kupita kiasi. Virchow aliupa ugonjwa huo jina lenye maana ya damu nyeupe. Siku hizi twaijua kuwa ni kansa ya damu. Lakini kusema "nyingi kupita kiasi" si kuhesabu. Nyingi kiasi gani?

Mjerumani Karl Vierordt ndiye aliyehesabu kwanza kwa uangalifu, mwaka 1852, naye alishughulika na chembe nyekundu. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha mno. Mwaka 1874 Louis-Charles Malassez wa Paris alitengeneza chombo chepesi zaidi, na wengine wakakiendeleza mpaka kikawa kile kioo chenye mistari ambacho wapimaji wa damu wanakifahamu hata leo.

Kioo hicho kimechorwa miraba midogo kama shamba lililopimwa kwa kamba. Juu yake hufunikwa kioo kingine chembamba, na katikati hubaki nafasi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mpimaji huchukua damu, huichanganya na maji ya dawa mara ishirini. Maji hayo yana asidi kidogo, ambayo huvunja chembe nyekundu zote, na rangi, ambayo huzipaka chembe nyeupe zipate kuonekana. Kisha hutazama kwa darubini na kuhesabu zilizomo katika miraba minne mikubwa ya pembeni. Jumla yake huizidisha mara 50. Akihesabu chembe 120, hupata 6,000 kwa kila milimita ya ujazo. Ndivyo walivyofundishwa wapimaji wa damu katika hospitali za serikali na za misioni, na ndivyo wafanyavyo wengi hata sasa, mahali ambapo mashine haipo au umeme umekatika.

Je, hesabu hiyo ni ya kuaminiwa? Mwaka 1907 Mwingereza William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliandika juu ya swali hilo hilo. Yeye hakuhesabu damu bali hamira, maana kiwanda kilitaka kujua kiasi cha hamira katika maji, na chombo kilikuwa kile kile cha miraba. Alionyesha kwamba hata mpimaji asipokosea hata kidogo, namba haitakuwa ile ile kila mara, kwa sababu chembe hujitawanya zenyewe bila mpango, hapa nyingi na pale chache. Mwenye kuhesabu 120 leo aweza kurudia kwa tone jingine la damu ile ile akapata 105 au 135, wala si kosa lake. Tena kadiri zinavyohesabiwa chembe chache, ndivyo namba inavyoyumba zaidi. Tafadhali msomaji ushike neno hili, maana tutalirudia tutakapofika kwetu Kongo.

Wakati huo huo Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa amekwisha kuonyesha, tangu mwaka 1879, kwamba askari weupe si kabila moja. Alipaka damu juu ya kioo, akaitia rangi za viwandani, na kila aina ikashika rangi yake. Ziko aina tano: neutrofili, walio wengi kwa kawaida na wa kwanza kufika vitani, limfosaiti, wenye kukumbuka adui wa zamani, monosaiti, wafagiaji wa uchafu, eosinofili, ambao huongezeka mtu akiwa na minyoo fulani au kichocho, na basofili, walio wachache kuliko wote. Tangu hapo mpimaji alikuwa na kazi mbili: kuhesabu wote, kisha kutazama chembe 100 moja moja na kuandika kila moja ni ya aina gani. Mtu mmoja akiwa na wagonjwa arobaini kwa siku, macho yalimwuma kabla ya saa sita.

Tundu dogo la Chicago

Wallace Coulter alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Little Rock huko Marekani. Hakuwa mganga, alikuwa mtu wa umeme. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika nchi za Asia ya mashariki, akiuza na kutengeneza mashine za eksirei, na kazi hiyo ilimfikisha katika hospitali nyingi. Humo aliwaona wapimaji wameinama juu ya darubini tangu asubuhi mpaka jioni, wakihesabu.

Baada ya vita alikaa Chicago. Usiku, baada ya kazi yake ya mchana, alifanya majaribio nyumbani. Mawazo yake yalikuwa haya. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, lakini chembe ya damu haiupitishi vizuri. Basi, tia damu kidogo katika maji mengi ya chumvi. Weka ukuta wenye tundu dogo sana katikati ya vyombo viwili vya maji hayo, na upitishe umeme katika tundu. Vuta maji yapite. Kila chembe ikipenya tunduni huuzuia umeme kidogo, na mashine huhisi mshtuko mmoja. Mshtuko mmoja ni chembe moja. Tena chembe kubwa huleta mshtuko mkubwa, na chembe ndogo mshtuko mdogo. Kwa hiyo kwa mara moja zinapatikana hesabu na ukubwa wake. Ndiyo ile reli yetu: soko zima la damu limepangwa behewa moja moja.

Inasimuliwa kwamba tundu la kwanza alilitoboa kwa sindano ya moto katika karatasi ya nailoni iliyofungiwa pakiti ya sigara. Inasimuliwa pia kwamba mawakili walikataa kumwandikia hati ya uvumbuzi, wakisema tundu si kitu, haliwezi kuwa mali ya mtu. Aliomba hati hiyo mwaka 1949, akaipata tarehe 20 Oktoba 1953. Mwaka 1956 alieleza mashine yake mbele ya mkutano wa wataalamu wa umeme huko Chicago, na watafiti wa serikali ya Marekani waliokuwa wameijaribu wakatoa ushuhuda wao kwamba inafanya kazi vizuri. Mwaka 1958 Wallace na ndugu yake Joseph walianzisha kampuni yao. Wallace alifariki mwaka 1998.

Kwa chembe nyeupe kazi ilihitaji hatua moja zaidi: kwanza dawa huvunja chembe nyekundu, kama afanyavyo mpimaji wa mkono, kisha zinazobaki hupitishwa tunduni. Mpimaji wa mkono alihesabu mia moja na kitu. Mashine ilihesabu maelfu kwa sekunde chache. Mnakumbuka neno la Gosset? Mwenye kuhesabu maelfu, namba yake haiyumbi sana. Hiyo ndiyo faida kubwa ya tundu la Coulter, kuliko hata wepesi wake.

Mwaka 1968 kampuni hiyo ilileta mashine iliyotoa namba saba kwa mara moja, na mpimaji hakuwa na haja tena ya kuchanganya damu kwa mkono. Katika miaka ya 1970 mafundi wengine wakatengeneza mashine zilizojaribu kazi ya Ehrlich, yaani kutenga aina za chembe nyeupe, kwa kutumia rangi na mwanga: chembe hupita mbele ya taa moja moja, na namna inavyoutawanya mwanga huonyesha ni ya aina gani. Siku hizi mashine ndogo inayotosha juu ya meza hufanya hayo yote kwa dakika moja tu au mbili.

Lakini mashine haina macho. Ikikuta chembe nyekundu changa ambayo bado ina kiini, huweza kuihesabu kuwa chembe nyeupe. Chembe hizo changa huonekana hasa kwa watoto wachanga na kwa wagonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Kongo zinaufahamu. Damu ikiwa imeganda kidogo ndani ya kichupa, hesabu huharibika. Kwa sababu hiyo mashine nzuri huonyesha alama ya kumwonya mpimaji, kana kwamba inasema, "Hapa sina hakika, njoo utazame." Mpimaji mwema akiona alama hiyo hupaka damu juu ya kioo, huitia rangi, na kurudi kwenye darubini.

Namba zilizoamua maisha Kongo

Sasa turudi katika nchi yetu. Hapa hesabu ya chembe nyeupe haikuwa jambo la vitabu tu. Mara mbili katika historia yetu namba hiyo ilisimama mlangoni kama bawabu, ikiamua nani aingie na nani abaki nje.

Mara ya kwanza ni katika ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, uletwao na mbung'o. Ugonjwa huu una hatua mbili. Mwanzoni vimelea hukaa katika damu. Baadaye huingia ubongoni, na hapo mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, na akili humpotea. Dawa za hatua ya kwanza hazikufaa kwa hatua ya pili. Lakini utajuaje ugonjwa umefika wapi? Mganga alimchoma mgonjwa sindano kubwa mgongoni, akatoa maji ya uti wa mgongo, na mpimaji akahesabu chembe nyeupe zilizomo. Zikiwa 5 au pungufu kwa milimita ya ujazo, na vimelea havionekani, ilikuwa hatua ya kwanza. Zikizidi 5, ilikuwa hatua ya pili.

Na dawa ya hatua ya pili ilikuwa nini? Tangu mwaka 1949 ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Ilichoma mishipa kama moto. Iliwaokoa wengi ambao bila hiyo wangekufa, lakini kati ya wagonjwa 100 waliopewa, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe. Basi tazameni uzito wa hesabu hiyo: mwenye chembe 4 alipewa dawa nyepesi, na mwenye chembe 7 alipewa sumu. Tena Gosset alitufundisha kwamba namba ndogo ndiyo iyumbayo kuliko zote. Maji yale yale, yakihesabiwa mara mbili, yangeweza kutoa 4 mara ya kwanza na 7 mara ya pili. Kwa muda mrefu mashine za kuhesabu damu hazikuweza kusaidia hapa, maana zimezoea maelfu, nazo hupotea njia katika chembe tano sita. Kazi ilibaki kwa jicho la mpimaji, mara nyingi kijijini, chini ya mti, na darubini inayotumia mwanga wa jua. Mwaka 1998 peke yake walipatikana Kongo wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Hebu fikirini ni vioo vingapi vilivyotazamwa.

Ukombozi haukuletwa na mashine bora ya kuhesabu. Uliletwa na dawa. Kwanza dawa mbili zilizounganishwa zilichukua nafasi ya ile ya aseniki, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likaziandika katika orodha ya dawa za lazima. Kisha vikaja vidonge vya feksinidazoli, ambavyo majaribio yake makubwa yalifanyika hasa hapa Kongo. Vidonge hivyo vilikubaliwa mwaka 2018, na huponya hatua zote mbili kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujawa mkali sana. Kwa mwongozo wa mwaka 2019 wagonjwa wengi hawakuhitaji tena kuchomwa mgongoni; hesabu ya maji ya mgongo ilibaki kwa wale wenye dalili nzito. Mwaka 2018 wagonjwa wapya waliopatikana duniani pote kwa malale ya aina yetu na ile ya mashariki hawakufika 1,000.

Mara ya pili ni katika ukimwi, ambao wengi kwetu huuita sida. Mwaka 1981 waganga wa Los Angeles walitangaza habari za vijana watano wenye ugonjwa wa mapafu usio wa kawaida. Kati ya limfosaiti zao, aina moja, ile inayowaamuru askari wengine, ilikuwa imepungua vibaya. Aina hiyo baadaye iliitwa CD4. Mwezi wa Oktoba 1983 waganga kutoka Ubelgiji na Marekani walifika Kinshasa, katika hospitali iliyoitwa wakati ule Mama Yemo, wakafanya kazi pamoja na waganga wetu. Kwa majuma machache waliwatambua wagonjwa 38, na damu yao ilionyesha upungufu ule ule. Ripoti yao ilipotolewa mwaka 1984 iliushtua ulimwengu kwa neno moja: wanaume na wanawake walikuwa karibu sawasawa kwa idadi. Wale waliokuwa wakisema ugonjwa huu ni wa watu wa namna fulani tu walikosa la kujibu.

Kuhesabu CD4 kuliwezekana kwa sababu mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, walikuwa wamegundua njia ya kutengeneza vishikio vinavyoshika aina moja tu ya chembe. Vishikio hivyo vikitiwa rangi ing'aayo, chembe iliyoshikwa hung'aa inapopita mbele ya taa ya mashine, nayo huhesabiwa.

Dawa za kupunguza makali zilipofika Afrika, zilikuwa chache na ghali. Ikawekwa namba ya kuchagua. Kwa miaka mingi mtu ambaye hajaugua sana alipewa dawa CD4 zake zikishuka chini ya 200. Mwenye 260 aliambiwa, "Nenda, urudi baadaye." Wengine hawakurudi tena, maana ugonjwa hauwangojei watu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapandisha namba kuwa 350, na mwaka 2013 kuwa 500. Mwaka 2015, baada ya utafiti mkubwa, mmojawapo ukiwa umefanyika Ivory Coast, likasema: kila mwenye virusi apewe dawa mara moja, namba iwe yoyote. Hesabu ya CD4 bado ina kazi ya kumwonyesha mganga nani yuko katika hatari zaidi, lakini bawabu ameondolewa mlangoni.

Kipimo cha nani?

Na yule kijana wetu wa kwaya? Alinunua dawa za kuongeza damu, akachomwa sindano za nguvu, akamaliza fedha alizojiwekea kwa ajili ya mahari. Alipopimwa tena, namba ilikuwa 3,500, na mshale ukatazama chini vile vile. Ndipo mganga mmoja mzee alipomwuliza maswali machache, akatazama damu yake kwa darubini, akamwambia, "Mwanangu, huna ugonjwa wowote. Hivi ndivyo ulivyo."

Elezo lake ni hili, nasi tumelihakikisha. Mipaka ile inayoandikwa kando ya namba katika karatasi nyingi ilipatikana kwa kupima watu wa Ulaya na Marekani. Waafrika wengi huzaliwa bila alama moja iitwayo Duffy juu ya chembe zao nyekundu. Mwaka 1976 ilionekana kwamba kukosa alama hiyo huwakinga na aina moja ya malaria. Mwaka 2009 watafiti wakagundua kwamba jambo hilo hilo ndilo linalofanya neutrofili ziwe chache katika damu inayozunguka. Ni chache katika damu, lakini mwili haukosi ulinzi: mtu akishambuliwa na vijidudu, askari hutokea. Mwaka huo huo wa 2009 watafiti wa Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia walitangaza matokeo ya kupima watu wazima wenye afya zaidi ya 2,000, wakaona kwamba wengi wao wangehesabiwa kuwa na kasoro kama wangepimwa kwa mipaka ya Marekani.

Mashine, basi, haikusema uongo. Ilihesabu sawasawa, kisha ikaulinganisha mwili wa kijana wa Kamina na kipimo ambacho hakuna aliyekipima Kamina. Mshale ule haukuwa sehemu ya hesabu; uliwekwa na watu walioandika mipaka ndani ya mashine, na watu waweza kuubadili.

Iko tena mfano mwingine wa namna hiyo. Katika kupima wingi wa vimelea vya malaria, mpimaji huhesabu vimelea anavyoviona mpaka amalize kuhesabu chembe nyeupe 200, kisha huzidisha mara 40. Kwa nini 40? Kwa sababu hudhaniwa kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000. Mwenye 4,000 ataandikiwa vimelea mara mbili ya vile alivyo navyo kweli.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki haya ili mzidharau mashine. Mtoto mchanga mwenye homa kali, mama aliyetoka kujifungua, mgonjwa wa kansa ya damu, wote hawa hesabu ya haraka na ya kweli yaweza kuwaokoa, na twaomba kila hospitali ya Haut-Lomami iwe na mashine hiyo, na umeme wa kuiendesha. Twasema tu kwamba karatasi iliyotoka katika mashine ni mwanzo wa mazungumzo na mganga, si hukumu.

Kwa hiyo twawashauri mambo mawili mepesi. La kwanza: karatasi zenu za damu msizitupe wala kuzifungia karanga. Zitunzeni pamoja na cheti cha ubatizo na cha ndoa, maana kipimo kilicho bora kwa mtu ni damu yake mwenyewe ya mwaka jana na ya mwaka juzi. La pili: mkiona mshale, ulizeni bila haya, "Mipaka hii ilipimwa kwa watu gani? Je, kuna aliyeitazama damu hii kwa darubini?" Mganga mwema hatachukizwa na swali hilo.

Kijana wetu hakuipata kazi ile. Alipopeleka barua ya yule mganga, nafasi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine. Sasa anapakia mizigo stesheni, na Jumapili bado anaimba besi na kucheza mpira. Karatasi zake mbili amezitia katika bahasha pamoja na barua ile. Amesema kwamba safari ijayo ataitanguliza barua.